Majembe Yasiyogusa Udongo

Safari yangu ya kwenda Luofeng sitaisimulia. Njia ni njia, humchosha anayeitembea na anayeisikiliza. Itoshe kusema nilifika, nikiwa na punda wangu na magunia ya kauri safi, makombe ya pwani kutoka kwetu Siyu, zilizochaguliwa moja moja na shangazi yangu, mwanamke mwenye jicho la mwewe. Nilikuwa nimesikia kwa watu wa kuaminika kwamba Waluofeng hununua kila kitu kwa kauri, tangu nafaka mpaka nyumba. Watu wa kuaminika nao habari zao huchacha.

Langoni nilipokewa na Bwana Zimo, Msimamizi wa Uzani, mtu mwembamba mwenye kucha ndefu na adabu nyingi. Alitia mkono guniani, akatoa kauri moja, akaigonga kwa ukucha, akainusa.

"Hii umeitoa wapi?"

"Baharini, Bwana."

"Yaani ilikuwa ya mnyama?"

"Ya konokono wa baharini. Kauri zote ndivyo zilivyo."

Akanitazama kwa huruma. Alinieleza kwamba ni kweli babu zao walitumia kauri za baharini. Zilipoadimika wakachonga za mfupa, kisha za jiwe, mwishowe wakamimina za shaba, zenye umbo lile lile na mpasuko ule ule wa tumboni. Za shaba zilipimwa na serikali, kwa hiyo ndizo za kweli. Hizi zangu zimefanana nazo sana, akasema, na afisa mwingine angenifunga kwa kughushi, ila yeye anaona kwamba sikukusudia.

Damu ilinichemka. Nimetoka mbali kuja kuambiwa kwamba kauri iliyotoka baharini imeiiga ya kiwandani! Lakini mgeni hana ukali ugenini, nikafunga gunia langu.

"Na hata hizo za shaba siku hizi ni za kuchezea watoto," akaendelea. "Fedha halisi ni hii." Akafungua mfuko wa hariri nyekundu uliokuwa mapajani mwake. Ndani mlikuwa na jembe. Lilikuwa jembe dogo la shaba, bapa jembamba lenye mabega mawili, na shingo yenye tundu la kutilia mpini. Nikauliza mpini wake uko wapi. Bwana Zimo akaufunga mfuko haraka, kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe.

Baadaye nilipata habari yote. Zamani mkulima wa Luofeng aliyetaka chumvi alitoa jembe, na mwenye chumvi alilipokea kwa furaha kwa sababu kila mtu alihitaji jembe. Kisha likaanza kupendwa na watu wasiolima. Wakalifanya jembamba ili libebeke, wakalipiga mhuri, wakalishonea mfuko. Halafu mwerevu mmoja akagundua kwamba jembe moja la kulimia, likiyeyushwa, hutoa majembe kadhaa ya kununulia. Baada ya hapo nani angelima? Majembe ya kweli yote yakaenda tanuruni, na mashoka, na misumeno, hata nyundo. Siku niliyofika, nchi nzima ilikuwa ikilima kwa vijiti na kwa mifupa ya mabega ya ng'ombe, huku kila nyumba ikiwa na majembe ndani ya sanduku.

Na sheria yao kuu ilikuwa fupi: jembe likigusa udongo, limekufa. Udongo hula shaba, walisema, na shaba ikiliwa uzani hupungua, na uzani ukipungua nchi imeibiwa.

Msidhani majirani zao walikuwa na akili zaidi. Ng'ambo ya mto waliishi watu ambao fedha yao ni kisu, na kisu hicho ni marufuku kunolewa. Nilimwona mchinjaji wao sokoni, amejitundikia visu kiunoni mpaka anatembea upande, anakata mshipa wa mbuzi kwa meno. Kila mwaka walileta visu hivyo Luofeng kuwa kodi, na askari wa Luofeng waliruhusiwa kuvivaa kwa heshima. Niliyaona hayo nikacheka. Kicheko kilinikatika nilipofika bondeni.

Nilipanga chumba kwa Bi Shulan, mjane wa makamo asiye na mtoto wala ndugu, mwenye shamba la uwele chini ya tuta la mto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono migumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wa kwetu, nami nilimpa gunia moja la kauri. Alishukuru sana, akalitumia kuegemeza mlango wa banda la bata.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto unapanda. Tuta lilikuwa refu lakini limechoka, maana kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na kitu cha kulikarabatia. Asubuhi moja Bi Shulan alinipeleka juu yake, akanionyesha pale maji yalipokuwa yakichuruzika katikati ya majani. Kisha akanipeleka mbele kidogo, mtoni kwa juu, kwenye mfereji mrefu mkavu uliotoka karibu na ukingo ukaelekea kinamasi kilicho nje ya bonde, mahali pasipo na nyumba wala shamba.

"Marehemu mume wangu aliuchimba huu wakati bado tuna majembe," akasema. "Kimebaki kipande hiki tu kati yake na mto. Kikikatwa, maji yatakwenda kinamasini, bonde litapona. Lakini ni udongo mgumu wenye mawe. Nimevunja mifupa hapa, nimevunja na vijiti."

"Wakubwa wanasemaje?"

"Wanasema tuta limesimama tangu enzi za babu zao. Ni kweli limesimama. Mgonjwa naye husimama kabla hajaanguka."

Kesho yake alifungua sanduku lake, akatoa jembe moja kutoka kwenye hariri, akalitia mpini wa mforsadi, akatoka nalo mchana kweupe kama mtu anayekwenda kuteka maji. Nilimfuata nikiwa na kikapu. Alipolipiga udongoni mara ya kwanza nilisikia moyo wangu ukiruka, na wala si nchi yangu. Jembe liliingia. Lilikuwa jembamba, lakini shaba ni shaba, na lilikata udongo ule ambao mfupa uliushindwa. Yeye alichimba, mimi nikabeba udongo, na kwa muda tukawa na furaha.

Ndipo tukamwona Fanlu. Huyu alikuwa jirani, mtu mnene mwenye shamba chini zaidi ya la Bi Shulan, ambalo maji yangelifikia mapema kuliko mengine. Alisimama ukingoni, akalitazama jembe, akatutazama sisi. Sheria humpa mtoa habari nusu ya majembe ya mkosaji. Fanlu aligeuka akakimbia kuelekea mjini, na sikujua kuwa mtu mnene anaweza kukimbia vile. Kikulacho ki nguoni mwako. Kabla ya adhuhuri askari walikuwa wamekuja.

Kesi ilisikilizwa siku hiyo hiyo mbele ya Hakimu Gongye, mzee mwenye sauti laini na mfuko mkubwa wa hariri aliouweka mapajani muda wote. Jembe lililazwa juu ya mto wa kitambaa chekundu, na matope yake, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulipangusa. Swali la kwanza lililojadiliwa ni kama jembe limekufa au limejeruhiwa tu. Bwana Zimo alikuwa amelipima. Alisema limepungua uzani wa punje moja ya uwele. Mtaalamu mwingine akasema punje hiyo ingeweza kuwa jasho la mikono ya askari. Wakajibizana kwa upole na ufasaha, wakinukuu sheria za wafalme waliotangulia, na nje ya dirisha mvua ikaanza tena.

Nilishindwa kuvumilia. Nikasimama. "Mheshimiwa, mto unapanda. Nimeona kwa macho yangu maji yakipenya tuta. Watu wa bonde zima watakufa maji mkiwa mnapima matope!"

Hakimu Gongye akanitazama bila hasira. "Kesi ya mto haijafunguliwa," akasema.

"Basi ifunguliwe! Hazina yenu ina majembe tangu sakafuni mpaka darini. Wapeni watu, wachimbe, wawarudishie."

Ukumbi ukaguna. Bwana Zimo alishika meza asianguke. "Majembe ya hazina yakichimba," akasema, "nchi itabaki na nini?"

"Itabaki na nchi," akasema Bi Shulan. Ndiyo maneno pekee aliyoyasema tangu kesi ianze, na hayakuandikwa, kwa sababu mshtakiwa hakuwa ameulizwa.

Hukumu ilitolewa. Jembe limekufa, na aliyeliua azikwe pamoja nalo, akiwa hai, kesho kabla ya jua kutua. Ilisomwa kwa sauti ile ile laini ambayo mtu humkaribishia mgeni chai. Nilimtazama Bi Shulan nikitegemea alie, naye alikuwa ametulia, anafikiri, kama mtu anayehesabu mbegu alizobakiwa nazo.

Hapo ikazuka shida nyingine. Kaburi litachimbwa kwa kifaa gani? Jembe hai haliruhusiwi. Wakashauriana, wakaona kwamba jembe lililokufa haliwezi kufa tena, na kwamba mtu pekee aliyekwisha kujitia unajisi kwa kulishika ni mkosaji mwenyewe. Basi achimbe mwenyewe. Na kwa kuwa sheria yao humheshimu mwenye kufa, aliulizwa anapenda kulala wapi.

"Kando ya mto," akasema, "mwisho wa mfereji wa marehemu mume wangu. Nataka nilale karibu na kazi yake."

Hakimu alifuta machozi. Kweli aliyafuta, niliyaona. Akakubali.

Bwana Zimo akanyanyua ukucha. Mwanamke huyu, akasema, hana ndugu, na maziko bila mwenye msiba ni batili. Asiye na mwenye msiba hutupwa mtoni. Na mwenye msiba ndiye anayejibu kwa lolote litakaloharibika kaburini, adhabu yake ikiwa ile ile ya maiti. Alisema hayo huku akiangalia ukumbini kuona kama yupo mtu. Watu waliinamisha vichwa. Bi Shulan akanitazama mimi.

Niliogopa, sifichi. Lakini nilisimama. "Mimi ni ndugu yake," nikasema.

"Kwa upande gani?"

"Kwetu kisiwani wapo watu wanaosema babu zao walitoka pande hizi za mashariki ya mbali. Mama yangu mkubwa ameolewa huko kwao. Kwa hiyo huyu ni dada yangu, kwa upande wa mume wa mama mkubwa."

Walilijadili suala hilo muda mrefu kuliko walivyojadili uhai wa Bi Shulan. Mwishowe wakalikubali, kwa kuwa hakuna sheria iliyolikataza.

Walipokuwa wakimtoa, Bi Shulan alipita karibu yangu. "Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "waite watu wote wa bondeni. Waje na majembe yao."

Nilikuwa nimekwisha kusikia desturi hiyo. Maiti wa Luofeng huenda na nauli ya safari, na zamani waombolezaji waliacha majembe yao kaburini. Matajiri wakaona ni hasara. Wakabuni utaratibu mwingine: kila mwombolezaji huligusisha jembe lake kwenye udongo wa kaburi, nauli ikahesabiwa imelipwa, akalirudisha mfukoni akaenda nalo nyumbani. Ndiyo siku pekee jembe hugusa udongo na lisife.

"Sheria imesema liguse mara ngapi?" nikamwuliza.

"Haikusema," akanijibu. "Wala haikusema kwa kina gani."

Kwetu tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Waluofeng walikuwa wameyeyusha misumeno yao yote, na labda ndiyo maana hawakulijua hilo.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walinisikiliza wakaitikia kwa kichwa bila kuahidi. Bibi mmoja aliniuliza kama jembe likichubuka serikali italibadilisha, nikasema sijui, akaniambia basi ataomba dua akiwa nyumbani. Fanlu nilimkuta mlangoni kwake ameyapakata majembe ya Bi Shulan aliyopewa. Hakuonekana mtu mwenye raha.

"Nimefuata sheria," akasema kabla sijasema neno.

"Umeifuata vizuri. Maji yakiingia hapa, yasomee sheria hiyo."

Akafunga mlango. Nilirudi nikijua kwamba huenda nimeshajichimbia kaburi langu pia, na nikajilaumu kwa mdomo wangu, kisha nikaulaumu mdomo wa watu wa kuaminika walionileta huku.

Siku ya pili alasiri tulikuwa juu ya ukingo. Mvua imekatika, lakini mto ulikuwa wa rangi ya ngozi mbichi na unanguruma. Upande wa chini niliona tuta limetoa machozi kila mahali. Hakimu alikaa chini ya mwavuli, Bwana Zimo amesimama na mizani yake, askari wamepanga mstari na visu vyao vya kodi viunoni. Bi Shulan alipewa jembe lililokufa, mpini ule ule wa mforsadi, akaingia mferejini, akaanza kuchimba kwenye kile kipande cha mwisho. Mwombolezaji alikuwa mimi peke yangu.

Alichimba. Kila alipoinua jembe nilitazama njia ya bondeni, na kila nilipoitazama ilikuwa tupu. Mwanamke mmoja na bapa jembamba hawawezi kumaliza kazi ile, hata mtoto angeliona hilo. Jua likashuka. Bwana Zimo alikuwa akilitazama jua mara kwa mara.

Kisha wakaja. Walivaa nguo nyeupe za msiba, wamekumbatia mifuko yao myekundu, wanatembea polepole kama watu wanaokwenda kukiri kosa. Wa kwanza alikuwa yule bibi wa dua. Alishuka mferejini, akatoa jembe lake, akaligusisha kwenye udongo kwa ncha, kama mtu anayeonja uji wa moto. Akataka kupanda.

"Gusa tena, mama," akasema Bi Shulan bila kusimama.

Bibi akagusa tena. Mara ya tatu alilizamisha. Bonge la udongo likang'oka, yeye akalitazama kwa mshangao, kisha akainama akapiga kwa nguvu. Wengine wakashuka. Hawakuwa na mipini, walishika shingo za majembe kwa mikono mitupu, wakichimba wamepiga magoti, na damu ikaanza kuchanganyika na matope. Shaba ililia juu ya mawe mpaka masikio yakaniuma. Niliruka nikaingia nami, nikibeba udongo kwa kanzu yangu.

"Wamegusa vya kutosha!" akapiga kelele Bwana Zimo. "Mheshimiwa, uzani! Uzani unapotea!"

Hakimu Gongye alifikiri. Alipekua kichwani sheria zote anazozijua, na uso wake ukazidi kunyong'onyea. "Idadi haikutajwa," akasema.

Fanlu alifika wa mwisho. Alisimama juu yetu na majembe ya Bi Shulan mikononi, anahema. Kila mtu alimwona, akaendelea kuchimba. Bi Shulan ndiye aliyeinua uso.

"Shamba lako liko chini ya langu, Fanlu," akasema. "Shuka."

Akashuka. Alichimba akilia kwa sauti, na sikumwonea huruma, lakini nitasema kweli: alichimba kuliko sisi sote.

Udongo uliobaki ulianza kutoa maji kwa chini. Mtu akapaza sauti, watu wakapanda kingo wakisukumana. Bi Shulan alibaki peke yake mbele ya ukuta ule mwembamba, akapiga mara ya mwisho, na mto ukaingia. Ulimwangusha. Mimi nilimshika mkono, Fanlu akamshika nguo, tukamvuta mpaka tukaangukiana sote juu ya nyasi. Maji yalipita mferejini yakivuma, yakaelekea kinamasini, na tukalala pale tukiyasikiliza. Baada ya muda mtu aliyekuwa ametumwa kwenye tuta alirudi akikimbia, akasema mto unashuka. Wengine walicheka, wengine walikaa chini wakafunika nyuso zao.

Hakimu Gongye akainuka chini ya mwavuli wake. Sauti yake ilikuwa laini kama kawaida. "Kaburi limejaa maji," akasema. "Litachimbwa jingine, pale, kwa jembe lililokufa. Mwenye msiba atazikwa pamoja naye, kwa kuwa maziko yameharibika. Ninyi wengine rudisheni fedha mifukoni, mpite kwa Msimamizi wa Uzani, kila mmoja alipie kilichopungua."

Hakuna aliyesogea. Walisimama na matope hadi magotini, kila mtu na jembe lake.

"Fedha gani, Mheshimiwa?" akauliza Fanlu.

Hakimu akawapungia askari mkono. Askari wakachomoa visu vyao, visu vya kodi, vizito, vilivyopigwa mhuri, ambavyo havijawahi kunolewa tangu vimiminwe. Wakavitazama. Kisha wakayatazama majembe mbele yao, ambayo mawe ya mto yalikuwa yameyasugua makali pande zote mpaka yanang'aa. Mmoja wao akakirudisha kisu chake kiunoni taratibu, na wenzake wakamwiga.

Bi Shulan akaokota mpini wake wa mforsadi. Alikuwa amelowa, anatetemeka, nywele zimemgandia usoni.

"Twendeni nyumbani," akawaambia watu. "Uwele haujapaliliwa."

Wakapita mbele ya Hakimu mmoja mmoja, na majembe yao mabegani.